Msalaba wa Ndoo na Pumba

Jumatatu, 1 Septemba 1997

Nimefungua mdomo tena.

Daftari hili lilikuwa la mwanangu Edna la hisabati. Kurasa za nyuma zimebaki tupu, nimezichukua. Nataka kuandika mambo yalivyo ili baadaye nisijidanganye. Nina kipaji hicho.

Jana jumuiya ilisali kwetu. Baada ya rozari Katekista Faustin akakumbusha kwamba Siku ya Marehemu mwaka huu inaangukia Jumapili, na padre atakuja makaburini mwenyewe. Kila familia iandae kaburi lake. Basi. Hakuuliza swali. Mimi nikasimama kujibu. Sijui miguu ilipata wapi ruhusa. Nikasema mwaka huu mama yangu atapata msalaba ambao mchwa watauonja na kuutema. Wa plastiki! Nitautengeneza mimi Barnaba, nyuma ya nyumba hii, kwa ndoo mbovu na madumu yaliyopasuka.

Faustin, kwa ule upole wake, akauliza kama safari hii nina hakika kaburi la mama liko wapi.

Walicheka mpaka mtoto aliyelala mgongoni kwa mama yake akaamka. Bibi Frida alicheka kuliko wote, na ana haki.

Niandike na hilo. Mama alizikwa mwaka 1989, tukamwekea msalaba wa mti. Mchwa wakaula. Mto Lumemo ukafurika mara mbili, matuta yakalala. Mwaka jana tulipokwenda, kaka yangu Evarist akasema mama yuko upande wa mkwaju. Mimi nikasema hapana, yuko upande wa njia, nakumbuka, mimi ndiye niliyeshika kamba wakati wa kumshusha. Nilishinda kwa sauti. Tukapalilia, tukafagia, tukapanda maua, tukasali rozari nzima, matendo yote. Bibi Frida akaja na mkongojo wake, akasimama pembeni, akatusubiri tumalize. Akasema: asanteni wanangu kwa kumfagilia mume wangu.

Evarist alipanda treni ya kurudi Mang'ula bila kula. Hajakanyaga hapa tangu siku hiyo. Salamu zake huja kwa mke wangu, siyo kwangu.

Kwa hiyo msalaba. Zimebaki siku sitini na mbili. Na mashine yenyewe sina.


Jumamosi, 6 Septemba

Mdomo huponza kichwa, lakini wangu umeniponza mpaka mikono. Nimechomelea siku nne mfululizo.

Utaalamu ninao. Cheti cha semina ya Morogoro kipo ukutani, wiki mbili nzima, na fulana tulipewa. Walitufundisha hivi: plastiki peke yake hupinda juani. Ukiichanganya na pumba za mpunga inakaza, inakuwa kama ubao mgumu, na mchwa hawana la kufanya nayo. Mwalimu alisema siri yote ni kuchanganya. Alirudia mara tatu. Mara mbili niliandika, mara ya tatu nilikuwa nimesinzia. Nina wasiwasi maelezo yenyewe yalikuwa kwenye ile ya tatu.

Pumba si tatizo Ifakara. Bwana Makame ana mlima mzima nyuma ya mashine yake ya kukoboa. Nilipoomba magunia mawili akaniambia nichukue ishirini, na nikipata nafasi nichukue na mlima.

Mashine yangu ni pipa la mafuta lililolazwa juu ya fremu, limepitishwa ekseli katikati. Pembeni nimefunga baiskeli yangu ya Phoenix, tairi la nyuma nimelitoa, mnyororo unakwenda kwenye pipa. Unapanda, unakanyaga, pipa linazunguka, vilivyomo vinachanganyika. Nimelipaka rangi ya kijani na kuandika MAENDELEO kwa herufi nyekundu.

Halijazunguka bado hata mara moja. Lakini rangi imekauka vizuri.


Jumanne, 16 Septemba

Leo nimeendesha baiskeli saa nzima na sijatoka nyuma ya nyumba yangu.

Tulikata ndoo na madumu kwa panga mimi na mke wangu Tekla, vipande vidogo kama kucha ya kidole gumba. Debe mbili za plastiki, debe mbili za pumba. Nikafunga mfuniko, nikapanda. Pipa likaanza kuunguruma. Majirani wakaja mmoja mmoja. Mmoja akaniuliza fundi safari ya wapi. Mwingine akasema nikifika Mlimba niwasalimie. Nikawaambia sayansi haina haraka, na wakati huohuo nikaongeza mwendo ili waone.

Baada ya dakika kumi nilisimama kuchungulia. Palionekana sawa. Nikajiambia kama dakika kumi ni nzuri, sitini ni nzuri mara sita. Hesabu hiyo niliiona safi kabisa.

Jioni tumeyeyusha kwenye nusu pipa juu ya kuni. Kukoroga plastiki ya moto na pumba ni kusonga ugali wa watu mia kwa mwiko wa chuma. Tukajaza kalibu, lile umbo la msalaba nililolichomelea kwa chuma, nikabana kwa jeki ya lori. Kesho nafungua.


Jumatano, 17 Septemba

Umetoka! Msalaba kamili, kimo cha kiuno, mweusi mweusi, unang'aa. Nilimzungusha Tekla uani. Nikauvika gunia na kuupeleka kwa Faustin asubuhi hiyohiyo, kabla hata ya chai.

Faustin aliupokea kwa mikono miwili, kwa heshima. Mkono wa kushoto wa msalaba ukabaki mkononi mwake.

Alitazama ule mkono. Akatazama sehemu iliyobaki. Akasema labda huu utamfaa marehemu aliyekuwa na mkono mmoja.

Nimekaa nautazama pale ulipokatika. Pumba tupu. Umekatika kama ukoko wa wali. Mkono wa kulia ni plastiki tupu, huwezi kuuvunja hata kwa nyundo. Ina maana havikuchanganyika vya kutosha.

Dawa ninayo. Nitakanyaga saa mbili.


Jumapili, 21 Septemba

Msalaba wa pili. Saa mbili na nusu juu ya baiskeli. Leo kanisani wenzangu walipiga magoti, mimi mapaja yalikataa. Nikabaki nimesimama peke yangu wakati wa mageuzo, watu wakidhani nina jambo la kutangaza.

Baada ya misa nikausimamisha uani juani. Saa sita ulikuwa umenyooka. Saa saba ukainamisha kichwa kidogo. Saa tisa ulikuwa unatazama chini kabisa. Tekla akapita na ndoo ya maji, akasema: "Huyu anasali."

Huku juu plastiki, chini kwenye mguu pumba. Nimekanyaga zaidi, vimeachana zaidi. Inawezekanaje?


Alhamisi, 25 Septemba

Nimemwandikia mwalimu wa semina, Morogoro. Kurasa mbili, na mchoro wa pipa. Nimeuliza kwa Kiswahili cha kitaalamu kama tatizo ni aina ya pumba za bonde la Kilombero.

Lawama nimeusukumia mpunga. Kama tatizo laweza kuwa mwendeshaji, sikuuliza.


Jumanne, 7 Oktoba

Jibu hakuna.

Nimebadilisha gia, nimeweka ndogo ili pipa likimbie. Limekimbia kweli. Lilipiga kelele mpaka kuku wa Makame wakahama, na wako ng'ambo ya barabara. Nilipofungua, kila kitu kilikuwa kimeganda ukutani mwa pipa pande zote, katikati shimo, hakuna kilichogeuka. Msalaba wa nne sikuuyeyusha hata. Wa tatu nimeuficha nyuma ya choo.

Leo dereva wa lori la mbao kaleta salamu za Evarist. Kwa Tekla, kama kawaida. Tekla hakutaka kunisomea ile barua, nikaichukua mwenyewe.

Kaka anauliza msalaba upo au bado ni mdomo. Anasema atakuja tarehe moja Novemba. Akikuta msalaba, na ukasimama pale mama alipo, tutasali pamoja. Kama tutamfagilia tena mume wa mtu, basi kuanzia mwaka huu kila mmoja atamkumbuka mama yake kivyake, yeye huko Mang'ula, mimi hapa. Hakuandika kwa hasira. Afadhali angeandika kwa hasira.

Tumebaki wawili. Baba simkumbuki, dada yetu alikufa akiwa mdogo. Nikimpoteza Evarist hakuna tena mtu duniani anayejua mama alivyokuwa akiimba akitwanga.


Jumapili, 12 Oktoba

Niandike polepole, maana leo nimeaibika vizuri.

Baada ya misa nilikaa barazani, mapaja yamekufa. Tekla alikuwa na ungo anapepeta mchele wa mchana. Mimi nilikuwa nikimweleza kuhusu pipa. Yaani nilikuwa nikiliambia pipa mbele ya Tekla, maana si kawaida yangu kumwuliza mtu. Nikasema nikizungusha kidogo havitoshi, nikizungusha sana vinaachana, pumba kivyake, plastiki kivyake, hii mashine ina shetani.

Hakuinua kichwa. "Baba Edna, lile pipa unalitikisa ili vitu vifanye nini?"

"Vichanganyike."

"Mimi nikitaka vitu viachane," akasema, "ndiyo hivi ninavyofanya."

Akarusha ungo mara tatu. Shwaa, shwaa, shwaa. Pumba mbele, mchele nyuma. Akapuliza.

Nikamwambia hayo ni mambo tofauti kabisa, kuzungusha na kupepeta kisayansi havifanani. Akaendelea kupepeta. Nikamwambia pipa halina upepo. Akaendelea kupepeta. Nikainuka nikaenda nyuma ya nyumba, kwa heshima kidogo iliyobaki.

Nikajaza pipa nusu. Nikakanyaga taratibu nikihesabu. Mzunguko wa arobaini nikafungua: pumba na plastiki zimekumbatiana kila mahali. Nikaendelea. Mzunguko wa mia mbili nikafungua: nyepesi juu, nzito chini, kama mchele wa Tekla.

Nilizaliwa Ifakara. Nimeona wanawake wakipepeta kila siku ya Mungu kwa miaka arobaini na moja. Kisha nikaenda Morogoro kusoma, nikarudi, nikajenga ungo. Ungo wa chuma, wa kuendeshwa kwa baiskeli, nikauita Maendeleo.

Mchana nilikula. Wali ulikuwa safi, hauna pumba hata moja.


Jumatatu, 13 Oktoba

Leo nimemwuliza. Kwa mdomo wangu, uso kwa uso. Nimesema: mama Edna, ungekuwa wewe ungefanyaje?

Akafikiri kidogo. Akasema karanga kavu haishiki chumvi. Chumvi yote hubaki chini ya sufuria. Mpaka unyunyize ndipo inashika.

Nyunyiza! Rahisi hivyo. Nikakimbia nikanyunyiza maji.

Maji na plastiki ya moto. Nusu pipa lilianza kutema mate. Tone moja likatua tumboni, likapita kwenye fulana ya semina, pale hasa palipoandikwa USALAMA KWANZA. Kalibu nilipoifungua baadaye, msalaba ulikuwa na matundu kama mkate wa kumimina.

Tekla alinipaka asali kwenye kidonda. "Nilisema maji?"

Hakusema maji. Alisema nyunyiza. Kama ningekaa dakika moja zaidi ningesikia neno mawese. Mafuta hayachemki kama maji, yanafanya plastiki inate kidogo, na pumba inashika. Anajua kwa sababu ndivyo anavyochanganya dawa ya unga kwenye mbegu za mahindi, kila msimu, mbele ya macho yangu.


Jumamosi, 18 Oktoba

Mambo mawili makubwa.

La kwanza, nimechomelea vibao sita ndani ya pipa. Vitatu vinasukuma kushoto, vitatu kulia, vitu vikutane katikati na visikimbilie upande mmoja. Hilo limetoka kichwani kwangu kabisa. Naliandika kwa sababu ndilo pekee.

La pili, mvua. Imekuja mapema, na ni nyingi mno. Redioni wanasema kuna kitu kinaitwa Elinino. Mlima wa pumba wa Makame umelowa, unafuka mvuke kama uji. Pumba zenye maji nimeshajua zinafanya nini, kidonda bado kipo. Makame aliniwekea magunia matatu makavu ndani ya duka lake, chini ya kanga na vitenge. Alisema wateja walipouliza aliwaambia ni mali mpya kutoka Dar.

Sasa magunia yako chumbani kwetu. Ndicho chumba pekee kisichovuja. Tunalala tukijikuna, Tekla hasemi kitu, na mimi nimejifunza kutouliza mara mbili.


Jumatano, 22 Oktoba

Dereva wa lori kaleta gunia kutoka kwa Evarist. Hakuna barua. Plastiki mbovu tupu, vikombe, kindoo kimoja, vipande vya madumu. Kaka yangu, ambaye hasemi na mimi, ameniokotea plastiki.

Chini kabisa kulikuwa na beseni la kijani la mama.

Nilijua mara moja. Ukingo umeungua upande mmoja, mahali Evarist alipoliweka karibu na moto akiwa na miaka kumi na mimi nikachapwa. Ndani ya hilo mama alitiaga chumvi samaki. Ndani ya hilo alituogesha, wote wawili pamoja, tukigombania nani akae upande usioungua. Baada ya matanga lilipotea. Miaka minane nimekuwa nikisema kimoyomoyo kwamba Evarist alilichukua bila kuniambia. Kumbe kweli alilichukua. Limepasuka toka juu mpaka chini.

Tekla akauliza nitalikata au nitaliweka. Sijui. Je, Evarist amelileta kama plastiki mbovu, au kama nini? Ningemwuliza kama tungekuwa tunasemezana.


Ijumaa, 24 Oktoba

Nimelikata. Panga liliteleza mara mbili, la tatu likaingia. Tekla alikwenda kisimani, na mvua inanyesha, na mitungi imejaa.


Jumapili, 26 Oktoba

Jana tulichanganya. Debe mbili na debe mbili, kikombe kimoja cha mawese. Tekla ndiye aliyepanda baiskeli, mimi nikahesabu kwa sauti. Nilipofika ishirini nikataka aongeze mwendo, akanitazama, nikaendelea kuhesabu. Arobaini. Akashuka.

Nikasema tuongeze kumi tu, kwa usalama. Akachukua ufunguo wa kufungulia mfuniko akauweka ndani ya kanga yake.

Leo baada ya misa tumefungua kalibu. Sikukimbilia. Nilikunywa chai kwanza. Hii niliona ni maendeleo ya kweli.

Msalaba ni mweusi wa kahawia. Na vidoa vya kijani. Kila mahali! Kichwani, mikono yote miwili, mguuni, pembezoni, vidogo kama punje za uwele. Hakuna mahali vilipojazana na hakuna mahali vilipokosekana. Hata kama beseni lingepewa amri, lisingejigawa hivyo.

Nimeupiga nyundo. Nimeuruka. Bwana Makame alikuja akausimamia, na Makame ni kilo tisini kabla ya chakula cha mchana. Akabembea kidogo, akashuka, akasema mashallah. Kwenye mkono umetoka mchoro wa herufi za jina la mama nilizochomelea kwenye kalibu: BALBINA. Zimesomeka zote, hata ile N niliyoiogopa.

Nilifurahi mno. Nimekaa nao barazani mpaka jioni kama mgeni.


Jumatatu, 27 Oktoba

Barua ya Morogoro imefika. Kurasa tatu. Mwalimu anasema: mwendo uwe wa wastani. Usizungushe kupita kiasi, vitu vya uzito tofauti huachana. Weka vibao vinavyopingana. Mafuta kidogo husaidia pumba kushika. Pumba ziwe kavu.

Tekla akauliza wanasemaje.

Nikamwambia wanakusalimia.


Alhamisi, 30 Oktoba

Leo sina utani.

Mvua ilikatika saa nane, nikaenda makaburini peke yangu kutafuta mahali. Nilitaka Evarist akija kesho kutwa nimwonyeshe bila kusitasita. Nilichukua jembe na kigingi.

Maji yamesimama kila mahali. Matuta ya zamani hayaonekani. Nikasimama upande wa njia, pale kwa mume wa Bibi Frida, nikafumba macho ili nikumbuke siku ile ya mazishi. Nimekuwa nikiikumbuka kwa sauti miaka minane. Leo nilitaka kuikumbuka kwa kimya.

Nikakumbuka kamba. Halafu nikakumbuka mikono iliyoishika. Ya Evarist upande mmoja, ya mjomba upande wa pili. Yangu haikuwapo.

Mimi nilikuwa njiani. Walipoanza kushusha sikuweza kutazama. Nilirudi nyuma, nikapenya kati ya watu, nikakaa chini kando ya njia zilipoegeshwa baiskeli, nikajiziba masikio ili nisisikie udongo. Nilikaa pale mpaka watu walipoanza kutawanyika. Ndiyo maana nakumbuka njia. Mahali pekee ninapopakumbuka ni pale nilipokuwa nimekaa mimi.

Sijawahi kumwambia mtu. Nadhani hata mimi sikuwahi kujiambia. Nilianza kusema nilishika kamba kwenye matanga, usiku wa pili, mtu aliponiuliza, na kila nikirudia kamba ilizidi kuwa nzito mikononi. Mwaka jana nilikuwa naihisi kabisa.

Nimerudi na kigingi changu. Msalaba ninao, mzuri, mchwa watautema. Wa kumsimamishia sijui yuko wapi, na sikuwapo.


Jumamosi, 1 Novemba

Evarist amefika na treni, amelowa mpaka mfukoni. Nikasema shikamoo kaka. Akasema marahaba, akampa Tekla mkungu wa ndizi. Tumekula. Ameuliza habari za Edna shuleni. Hajauliza kingine.

Baada ya kula aliona msalaba ukutani. Akauendea akachuchumaa. Akaweka kidole kwenye kidoa kimoja cha kijani. Halafu kingine. Akaendelea, kidoa kwa kidoa, mpaka mguuni, akarudi juu upande wa pili. Nilikuwa na maelezo ya vibao sita tayari ulimini. Nikayameza.

Kaniuliza tu, vimeeneaje hivi. Nikasema Tekla ndiye anayejua.

Nilitaka kumwambia lile jingine. Nikasema nitamwambia kesho.


Jumapili, 2 Novemba, saa tatu asubuhi

Padre atakuwa makaburini saa nne. Mvua kubwa, tumekwama barazani wote, tumevaa, tunasubiri ipungue. Naandika kwa kuegemea magoti.

Nimemwambia. Alikuwa anafunga kamba ya kiatu. Nimesema kaka, mimi sikushika kamba. Nilikuwa njiani, nimekaa chini kwenye baiskeli, nimeziba masikio. Sijui mama yuko wapi. Wewe uliyeshika kamba ndiye unayejua, tufuate mkwaju wako, na unisamehe kwa mwaka jana.

Aliendelea na kiatu muda mrefu kuliko kiatu kinavyohitaji.

Halafu akasema alijua kwamba sikushika kamba. Alinitafuta kwa macho siku ile nzima, hakuniona. Ndiyo maana alikasirika mwaka jana, wala si kwa ajili ya kaburi. Nikasema basi, mkwaju. Akatikisa kichwa.

"Mdogo wangu, mimi nilifumba macho. Toka kanisani nilikuwa natazama jeneza tu. Kamba nilishika nimefumba. Nilipofumbua, mjomba alikuwa ananishika mkono, tuko barabarani." Akakaza kamba ya kiatu. "Nilisema mkwaju kwa sababu wewe ulisema njia."

Tekla alikuwa mlangoni. Alisikia yote. Nilitegemea angecheka, na ningestahili. Alikuja akakaa kati yetu.

 Kisha Evarist akasema yuko mtu mmoja tu katika Ifakara hii aliyekwenda makaburini pale kila mwaka na asikosee kaburi lake. Anaweza kuwa anakumbuka majirani wa mumewe, nani amelala kulia na nani kushoto.

Kwa hiyo tunakwenda kwanza kwa Bibi Frida. Tumebeba msalaba wenye jina, tukabishe hodi, watu wazima wawili, tumwulize mama yetu amelala wapi. Nimejaribu kupanga maneno ya kuanzia. Nimeandika matatu, nimeyafuta yote.

Mvua inapungua. Evarist ameshika kichwa cha msalaba, amesimama kwenye matope, ananisubiri nishike mguu. Safari hii nashika.